Viti Vyetu Katika Kamati Vinakaliwa na Nani?

Tulipata kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji kimoja wilayani Kisarawe, ambacho jina lake tunalihifadhi kwa sababu tuliyoyaona pale yangeweza kuonekana katika kijiji chochote cha jirani. Mkutano ulitangazwa kuanza saa nne asubuhi. Hadi saa sita kasoro, waliokuwa chini ya mwembe walikuwa wazee kadhaa, akina mama wachache waliokaa kando na vikapu vyao, na watoto waliokuja kutazama wageni. Akidi ilihesabiwa kwa macho. Ajenda ya nne ilikuwa kujaza nafasi zilizoachwa wazi katika kamati ya zahanati. Mtendaji aliuliza nani yuko tayari. Kukawa kimya. Kisha mtu mmoja akataja jina la bwana ambaye hakuwapo mkutanoni, mikono kadhaa ikanyooka, jina likaandikwa daftarini, na ajenda ikafungwa kwa muda usiotosha hata kunywa kikombe cha chai.

Ilipofika ajenda ya mwisho, ile ya mengineyo, mkutano ulichangamka. Dawa hakuna. Mhudumu anachelewa kufika. Choo cha zahanati kimebomoka tangu masika. Mama mmoja alieleza kwa uchungu jinsi alivyompeleka mtoto mwenye homa, akaandikiwa karatasi ya kwenda kununua dawa mjini. Malalamiko yale yalichukua muda mrefu kuliko ajenda nyingine zote, na hakuna hata mmoja wetu, sisi wageni tukiwamo, aliyesimama kusema kwamba mahali pa kuyapeleka malalamiko hayo ni kwenye kiti kile kile tulichokuwa tumemkabidhi mtu asiyekuwapo.

Tunaeleza haya kwa sababu tunaamini kwamba sehemu kubwa ya yale tunayoyalalamikia katika vijiji na mitaa yetu ya Kibaha na Kisarawe huamuliwa, au walau hushauriwa, katika vikao ambavyo sheria imetutengea nafasi za kukaa. Nafasi hizo hazikai wazi. Tusipozijaza sisi hujazwa na mwingine, na aghalabu mwingine huyo ni yule aliye karibu na ofisi, asiye na la kuuliza.

Tuanze na msingi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 21(2), inampa kila raia haki na uhuru wa kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au taifa lake. Ibara za 145 na 146 zinaweka serikali za mitaa, nazo zinasema wazi kwamba madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kisha ikaja Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya, namba 7 ya mwaka 1982, pamoja na ndugu yake namba 8 ya mwaka huo huo kwa mamlaka za miji. Chini ya sheria hizi, mkazi wa kawaida wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Haombi ujumbe huo, halipi ada, wala hahitaji kadi ya chama. Na mkutano huo, ambao ndio wenye mamlaka ya juu kabisa katika masuala ya sera kijijini, hauna budi kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Mjini, ambako hakuna vijiji, kuna mkutano wa wakazi wa mtaa.

Hapo ndipo mlango ulipo. Mtu anayetaka kuingia katika kamati yoyote ya jamii, iwe ya zahanati, ya shule, ya maji, ya mazingira au ya ardhi, aghalabu jina lake litapita katika mkutano huo au litatoka katika ubao wa matangazo uliotundikwa kwenye ofisi ya mtendaji. Asiyefika mkutanoni na asiyesoma ubao hujikuta nje ya kila kitu, kisha husema kwamba mambo yanafanywa kwa siri.

Tuitazame kwanza kamati ya zahanati, kwa sababu ndiyo tunayoiona ikidharauliwa kuliko zote, na ndiyo iliyobadilika zaidi. Kamati za usimamizi wa vituo vya kutolea huduma za afya zilienea baada ya mwaka 2001, ilipopitishwa Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii, mfuko ambao ulikuwa umejaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996. Kwa miaka mingi wajumbe wa kamati hizi walikuwa na kazi ya kuhamasisha watu wachangie mfuko, kufyeka majani na kumpokea mgeni rasmi. Fedha zenyewe zilikuwa zikikaa halmashauri, na mganga mfawidhi aliyetaka kitasa cha mlango alilazimika kuandika barua na kusubiri.

Hali hiyo ilibadilika kuanzia mwaka wa fedha 2017/18. Serikali ilianza kupeleka fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya moja kwa moja katika akaunti za vituo, zahanati za vijijini zikiwamo. Pamoja na fedha hizo yakaja majukumu: kituo kiandae mpango wake, kamati iujadili na kuupitisha, manunuzi yafanyike kwa kufuata mpango huo, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya kamati. Kwa maneno mengine, swali la kama fedha za robo hii zitanunua dawa, zitalipia ukarabati wa choo au zitatumika kwa safari, ni swali linalopita mezani pa wakulima na akina mama wa kijiji hicho hicho, endapo wamekaa katika viti vyao na endapo wanajua kwamba wana haki ya kuuliza. Mganga mfawidhi ni katibu wa kamati. Mwenyekiti hatoki miongoni mwa watumishi.

Ndani ya kamati hiyo zimo nafasi za wawakilishi wa watumiaji wa huduma, yaani sisi tunaopanga foleni. Utaratibu wake ni huu: nafasi hutangazwa, mwombaji hujaza fomu au huandika barua, majina huchujwa na vikao vya ngazi husika, na aliyepitishwa hukaa kwa kipindi cha miaka mitatu. Sifa zinazotakiwa huandikwa katika tangazo lenyewe, na ni busara kulisoma tangazo badala ya kuamini maneno ya barabarani, kwa maana tumewasikia watu wakisema kwamba nafasi hizo ni za waliosoma sana. Kubwa linalotakiwa ni kujua kusoma na kuandika, uaminifu, na kuwa mkazi wa eneo linalohudumiwa.

Juu ya kamati hizi, katika ngazi ya halmashauri, ipo Bodi ya Huduma za Afya. Humo mna nafasi nne za wawakilishi wa wananchi, na wanawake wametengewa sehemu yao. Bodi hii ndiyo inayopitia mpango wa afya wa halmashauri nzima. Tukiwauliza wasomaji wetu wa Mlandizi, wa Maneromango au wa Kibaha mjini wawataje wawakilishi wao wanne, tunadhani wengi watashindwa, na hilo si kosa la wawakilishi hao peke yao.

Kamati ya shule inafahamika zaidi, kwa hiyo hatutaikalia muda mrefu. Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, ruzuku ya shule ya msingi imekadiriwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake huingia moja kwa moja katika akaunti ya shule. Wawakilishi wa wazazi katika kamati huchaguliwa na mkutano wa wazazi. Mzazi anayemtuma mdogo wake au jirani kwenye mkutano huo, au anayefika kusaini na kuondoka, amempa mwalimu mkuu uhuru wa kuchagua kamati anayoitaka. Wapo walimu wakuu waungwana ambao hawautumii vibaya uhuru huo. Lakini kwa nini tuwatie katika majaribu?

Ardhi ni jambo zito zaidi, na hapa hatuna budi kutulia, kwa kuwa Kisarawe ina funzo lake ambalo halipaswi kusahauliwa. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ilifika wilayani ikitafuta ardhi ya kulima mibono kwa ajili ya mafuta ya mitambo. Ardhi iliyotolewa ilitoka katika vijiji 11, na mwaka 2009 kampuni ilipata hakimiliki ya miaka 99 juu ya hekta 8,211. Mikutano ya vijiji ilifanyika. Wanakijiji waliahidiwa ajira, maji, barabara, shule na zahanati. Ahadi nyingi zilikuwa za mdomo. Mwaka 2011 kampuni ilisimamisha shughuli zake, wafanyakazi wakapoteza kazi, na wanavijiji wakajikuta hawana ardhi, hawana ajira, wala hawana karatasi ya kumwonyesha yeyote juu ya yale waliyoahidiwa. Ardhi ile, kwa kuwa ilikwisha kuhamishwa kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, haikurudi mikononi mwao kwa sababu tu mwekezaji ameondoka.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, ilikuwa tayari inafanya kazi wakati huo. Inasema kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Inasema kwamba katika kila mkutano wa kawaida halmashauri itoe taarifa ya usimamizi wa ardhi na kusikiliza maoni ya wanakijiji. Inasema kwamba ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa, na eneo lisipozidi hekta 250, ni mkutano mkuu unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, waziri ndiye mwenye uamuzi, lakini baada ya kuzingatia mapendekezo ya kijiji. Sheria haikukosekana. Kilichokosekana, kwa maoni yetu, ni watu wa kutosha ndani ya mikutano ile waliojua kwamba wana haki ya kusema hapana, au ya kusema ndiyo kwa masharti, na ya kudai kwamba kila sharti liandikwe katika muhtasari na nakala ibaki kijijini. Tunasema hivi bila kuwalaumu wazee wetu. Mtu anapokuja na gari na ramani, akifuatana na maofisa, si rahisi mkulima wa mihogo kusimama na kumwuliza ahadi yake imeandikwa wapi.

Ndiyo maana tunawasihi vijana na akina mama walitazame Baraza la Ardhi la Kijiji. Sheria hiyo hiyo inalipa wajumbe saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake. Majina hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, kisha hupelekwa mbele ya mkutano mkuu yakubaliwe. Mkutano una uwezo wa kuyakataa. Kazi ya baraza ni kusuluhisha migogoro: mpaka wa shamba, mikorosho ya urithi, ng'ombe walioingia katika mazao. Katika wilaya hizi mbili, ambazo bei ya ardhi imepanda kwa kadiri Dar es Salaam inavyozidi kutanuka kuelekea kwetu, migogoro hiyo haiishi. Kiwanja cha Kiluvya kilichouzwa mara mbili na shamba la marehemu linalouzwa na mtoto mmoja bila ya ndugu zake ni habari tunazozisikia kila mwezi.

Umuhimu wa usuluhishi uliongezeka baada ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, yaliyoyaondolea mabaraza ya kata mamlaka ya kuamua kesi za ardhi na kuyabakizia kazi ya upatanishi. Wasipopatana watu ndani ya siku 30, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko kuna nauli, wakili na miaka. Mjane wa Vikumbulu anayetakiwa kwenda na kurudi kwa ajili ya robo eka ya mihogo anaweza kuiacha haki yake njiani. Akipata wapatanishi wenye busara karibu na nyumbani, mambo yanaweza kumalizika kwa amani. Wapatanishi hao hawashuki kutoka mbinguni. Hupendekezwa, na kupitishwa, siku ambayo wengi wetu tuko shambani au sokoni.

Tumesikia hoja kwamba haya yote ni maneno ya vitabuni, kwamba mwananchi wa kawaida akipewa madaraka ya fedha atayavuruga. Kibaha yenyewe imekwisha kulijibu hilo. Mnamo mwaka 2010 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza majaribio ya kuzipa fedha kaya maskini katika wilaya tatu: Kibaha, Bagamoyo na Chamwino. Vijiji 80 viliingizwa katika majaribio, na kwa kura vijiji 40 vikaanza kupokea kwanza ili vilinganishwe na vile vilivyosubiri. Fedha zilikusudiwa kwa wazee na watoto wa kaya hizo, kwa sharti kwamba watoto wahudhurie shule na kliniki. Jambo la kuangaliwa ni hili: waliozisimamia vijijini, waliozitambua kaya, waliokwenda kuhakikisha kwamba masharti yanatimizwa na waliowapa watu fedha mikononi, walikuwa kamati za usimamizi za jamii zilizochaguliwa na wanakijiji wenyewe.

Watafiti waliofuatilia majaribio hayo walikuta kaya zilizosaidiwa zikijiunga zaidi na mfuko wa afya ya jamii na watoto wao wakimaliza shule ya msingi kwa wingi zaidi. Lakini lililotuvutia sisi ni matokeo waliyoyachapisha baadaye, mwaka 2019, kuhusu imani ya watu kwa viongozi wao. Katika vijiji vilivyopata mpango, imani kwa viongozi waliochaguliwa ilipanda. Na maoni ya watu juu ya uaminifu wa viongozi, na juu ya wepesi wao wa kusikiliza, yaliboreka zaidi katika vijiji vilivyokuwa na desturi ya kufanya mikutano mingi tangu kabla ya mpango kuanza. Tena kumbukumbu za kamati za shule na za afya zilipatikana kwa urahisi zaidi katika vijiji vilivyokuwa na mpango.

Hatuwezi kuyachukulia matokeo hayo kama dawa ya kila ugonjwa. Hata hivyo yanatuonyesha kwamba fedha zile zile, chini ya sheria ile ile, hupokelewa kwa namna mbalimbali kulingana na jinsi wanakijiji walivyozoea kukutana na kuelezana. Wale walioufufua mkutano wao walivuna zaidi.

Sasa tuseme ukweli kuhusu Kibaha ya mjini, kwa maana hali yake si ya Kisarawe ya ndani. Mkazi wa Maili Moja, Picha ya Ndege au Kongowe huondoka alfajiri kushika gari la Dar es Salaam, naye hurudi usiku, amechoka na foleni ya Barabara ya Morogoro. Mtaa wake anaujua kwa taa zake. Mkutano ukiitwa Jumanne saa nne asubuhi, atakuwa Kariakoo. Matokeo yake ni kwamba katika mitaa yenye wasomi wengi, wahasibu, walimu na mafundi, kamati hukaliwa na watu walewale wachache, nao wanalalamika kwamba wamechoka na hawapati wa kuwapokea. Wapo pia wenye nyumba wanaodhani kwamba mpangaji hana haki ya kusema. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi, na mpangaji aliyekaa miaka sita bila shaka ni mkazi.

Hakuna sheria inayosema kwamba mkutano lazima uwe Jumanne. Wakazi wakimwandikia mwenyekiti wa mtaa barua fupi yenye majina na saini, wakiomba mkutano uwekwe Jumapili asubuhi au jioni, sioni, yaani hatuoni, mwenyekiti gani mwenye akili atakayekataa kukutana na watu wengi zaidi. Tumeliona likifanyika katika mtaa mmoja, na safari hii wenye viti vya plastiki walilazimika kwenda kuazima vingine msikitini.

Tukitaja msikiti, tuna neno la kujihoji wenyewe. Katika misikiti yetu mingi, hesabu za mfuko husomwa mbele ya jamaa: kimeingia kiasi hiki, kimetoka kiasi hiki kwa umeme na mikeka, kimebaki kiasi hiki. Mtu akiona saruji imenunuliwa kwa bei ya juu hunyoosha mkono na kuuliza, naye hujibiwa. Huyu huyu, akifika katika mkutano wa kijiji, husikiliza hesabu za mamilioni kimya kama aliyemwagiwa maji. Uwezo wa kuuliza anao. Kinachomzuia ni kudhani kwamba mali ya umma ina mwenyewe mwingine.

Wapo watakaotuambia kwamba kamati hizi ni mihuri tu, na mambo yamekwisha kupangwa kabla ya kikao. Hatubishi. Tunawafahamu wajumbe walioletewa muhtasari uliokwisha andikwa wakaambiwa watie saini. Tunawafahamu walioacha kualikwa baada ya kuuliza swali moja la ziada. Posho ya kikao, ikiwapo, ni ndogo, na mjumbe mkweli hupoteza siku ya kazi na pengine marafiki wawili. Anayetaka kuingia na ajue hayo mapema. Lakini muhuri hauna nguvu bila mkono wa kuugonga. Mjumbe mmoja anayesema, kwa adabu, "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kwanza tusomewe," huubadilisha mwendo wa kikao kizima, na mara ya pili wenzake hupata ujasiri. Hii ndiyo sababu tunashauri watu wasiingie mmoja mmoja. Wawili au watatu wanaoaminiana wakiomba nafasi pamoja, hawatengwi kwa urahisi.

Kwa wasiopata nafasi, mlango haujafungwa. Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na wajumbe wake ni wenyeviti wa vijiji vya kata hiyo, inaruhusiwa na sheria kualika wawakilishi wa asasi na vikundi vya kiraia vinavyoshughulika na maendeleo katani. Hawapigi kura, ila husikilizwa. Chama cha wakulima wa korosho, kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, kamati ya mazingira ya vijiji vinavyopakana na misitu ya Ruvu Kusini, Pugu au Kazimzumbwi inayosumbuliwa na wachoma mkaa: hawa wote waandike kwa mtendaji wa kata waombe kualikwa. Vikao vya baraza la madiwani navyo viko wazi kwa umma, na mwananchi anaweza kwenda kukaa nyuma na kusikia diwani wake amesema nini, au kama alisema. Na anayenyimwa taarifa ya mapato na matumizi anayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, namba 6 ya mwaka 2016, inayompa mwenye taarifa muda usiozidi siku 30 wa kujibu. Ombi liwe la maandishi, na mwombaji abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Wenyeviti wa vijiji na mitaa waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 wana kipindi cha miaka mitano, lakini kamati zilizo chini yao haziendi kwa kalenda hiyo. Nyingine zinamaliza muda mwaka huu, nyingine zimekwisha kupitiliza na hakuna aliyegundua. Kwa hiyo swali la kwanza la kumpelekea mtendaji ni hili: kamati ya zahanati yetu, ya shule yetu, na baraza letu la ardhi, ziliundwa lini, na majina ya wajumbe ni yapi? Ikiwa hayamo ubaoni, yaombwe yabandikwe.

Ama yule bwana aliyechaguliwa bila ya kuwapo, tulikutana naye miezi michache baadaye. Ni mtu mpole, mkulima hodari. Alitueleza kwamba alizipata habari za ujumbe wake siku ya tatu, alipoitwa zahanati kwa haraka kwa sababu ilitakiwa saini. Tulimwuliza alitia saini kwenye nini. Alisema hakuweza kusoma siku ile, kwa kuwa miwani yake ilibaki shambani.